Ijumaa Aliyokufa Gharib Fundi

Katika mtaa mzima wa Kuze, Mombasa, aliyekubali kufa alikuwa mmoja tu, naye ni Gharib mshonaji.

Wengine waliulizwa kwanza na kijana Kamaludin, tena kwa adabu. Muuza halua alisema bado ana watoto wadogo. Muuza ubani alisema angekubali, lakini mkewe akisikia, huyo ndiye atakayezikwa kwanza. Mzee Abdulhalim, ambaye kwa umri wake na kikohozi chake ndiye aliyefaa kuliko wote, alimfukuza Kamaludin kwa bakora hadi pembeni mwa msikiti, na kwa mbio zile watu wakaona kwamba hakufaa hata kidogo.

Basi Kamaludin akaenda kwa Gharib, akamkuta ameinamia cherehani kama kawaida yake, miwani imeshuka puani.

"Ami Gharib, nataka ufe."

"Lini?"

"Ijumaa, baada ya sala."

Gharib aliukata uzi kwa meno. "Ijumaa nina kanzu mbili za watu. Nikizimaliza, nitakufa."

Mwaka ulikuwa wa arobaini na nane. Vita vilikuwa vimekwisha, lakini bafta nzuri ya kushonea kanzu ilikuwa bado haijarudi madukani, na Kamaludin alikuwa na wazimu wa sinema. Kazi yake ilikuwa kuchora mabango ya jumba la sinema. Kwa miaka minane alikuwa amechora nyuso za watu wa Bombay na Kairo, kila jicho kubwa kama sinia, kila sharubu ndefu kama kasia, mpaka siku moja akaweka burashi chini na kusema amechoka kuwapamba wageni. Alitaka kuona kwenye lile shuka jeupe watu anaowajua, wakipita njia anazozijua.

Kamera ilikuwa ya Dishon, karani wa reli, kijana wa kutoka bara. Wakati wa vita alikuwa akiwabebea Wazungu vyombo vya kupigia picha, na ofisa mmoja, aliporudi kwao na mizigo tele, alimwachia kamera moja ya kutia ufunguo kama saa. Ukiizungusha ilinguruma kama paka aliyeshiba, ikaenda nusu dakika, ikanyamaza. Mikanda ilikuwa miwili tu, kila mmoja wa dakika tatu hivi. Wa tatu ungepatikana Nairobi, na Nairobi ilikuwa mbali kama peponi.

Hadithi aliitunga Kamaludin mwenyewe. Palikuwa na tajiri bahili ambaye hakumpa mtu hata maji ya kunawa. Akafa. Jeneza lake likapitishwa mitaani na mahamali wanne wa kukodi, na hakuna aliyeinuka. Watu waliendelea kunywa kahawa. Kinyozi aliendelea kunyoa. Huo ndio uliokuwa mwisho, mwisho wa kumtoa mtu machozi, nao ndio walioamua kuupiga kwanza, kwa sababu mwanzo ulihitaji motokaa na motokaa hawakuwa nayo.

Gharib aliposimuliwa alitikisa kichwa tu, akaendelea kushona. Watu walipomuuliza kwa nini amekubali jambo la nuksi kama lile, alijibu kwamba tangu azaliwe hajawahi kulala mchana akabebwa, na nafasi yenyewe ndiyo hiyo. Watu walicheka. Ukweli hakuusema.

Ukweli ni kwamba Gharib hakuwa na mtu. Alikuja Mombasa na mjomba wake kutoka Kilwa, mtoto wa miaka kumi na minne, na mwaka huo huo ikaingia ile homa kubwa iliyokuja mwisho wa vita vya kwanza. Kila nyumba ilikuwa na maiti wake. Mjomba alipofariki waliopatikana ni mahamali watatu, na pembe ya nne ya jeneza aliibeba Gharib, bega lake fupi kuliko yao, jeneza limeinama upande wake njia nzima. Mvua ilinyesha. Hakuna mlango uliofunguliwa. Hakuwalaumu watu, aliyefungiwa ndani na msiba wake huwezi kumdai atoke kwenye wako. Lakini tangu siku hiyo, kila jeneza lilipopita Kuze na watu wakaacha shughuli zao kukimbilia kulitia bega, Gharib alikuwa wa kwanza kutoka na wa mwisho kurudi, na njiani alikuwa akihesabu mabega. Aliwahi kuoa. Mke akarudi kwao Vanga baada ya miezi saba, akisema amechoka kuolewa na cherehani. Watoto hakujaliwa. Basi swali lilimkaa kifuani miaka thelathini: yangu ikifika, atatoka nani? Na hapa amekuja kijana na kamera, anamwambia alale ndani ya jeneza aone.

Mtu aliyemtia wasiwasi kuliko wote alikuwa Badawi.

Badawi alikuwa mfua madele, yale mabirika ya shaba ya kahawa, na karakana yake ilitazamana na duka la Gharib, ng'ambo ya kichochoro ambacho watu wawili wanene hawapishani ila kwa kuombana radhi. Zamani walikuwa wakila sinia moja. Mwaka wa thelathini na tisa Badawi alimwoza bintiye, na Gharib akamshonea kanzu: bafta ya daraja la kwanza, darizi ya hariri kifuani, kazi ya siku kumi na moja. Badawi aliivaa, akanyoosha mikono mbele, akasema, "Gharib, mkono wa kulia mfupi."

Mshonaji mwingine angesema, lete niutazame. Gharib alitazama, akatazama tena, kisha akatamka maneno ambayo Kuze iliyacheka mwezi mzima: "Kanzu iko sawa. Ni wewe uliyeumbwa ukazidi upande mmoja."

Hapo urafiki ukakatika. Na kwa kuwa kumnunia Mwislamu mwenzio zaidi ya siku tatu si halali, walitafuta hila: kila mmoja alitoa salamu kwa baraza zima, na kila mmoja aliitikia pamoja na baraza zima, wasitazamane. Yaliyobaki waliambiana kupitia ukuta.

"Ewe ukuta," Badawi angesema, nyundo mkononi, "mwambie jirani yako cherehani yake yanipasua kitwa."

"Ukuta wangu," Gharib angejibu, "mwambie huyo anayegonga mabati tangu alfajiri kwamba na sisi tuna masikio."

Ikaenda hivyo miaka tisa. Na kila Ijumaa, mvua au jua, Badawi aliivaa kanzu ile ile kwenda msikitini, akipita mbele ya duka la Gharib polepole, mkono wa kulia ameunyoosha mbele kama mtu anayejaribu kama kunanyesha, ili ulimwengu uuone ufupi wake.

Siku yenyewe ilifika. Kamaludin alichagua saa ile ya baada ya sala ya Ijumaa na pilau yake, wakati Mji wa Kale unapojilaza, madirisha nusu wazi, paka wenyewe wamejinyoosha kwenye vivuli kama wamelipiwa kodi. Njia itakuwa tulivu, alisema. Watakuwepo wachache wa kunywa kahawa, nao ndio anaowataka, wakae kama wanavyokaa siku zote. Hakuwaambia lolote, ili nyuso zao ziwe za kweli. Kamaludin alizaliwa hapo hapo Kuze na tangu abalehe alikuwa amebeba majeneza yasiyo na idadi. Lakini sinema ilikuwa imemjaa kichwani mpaka ikasukuma nje vitu vyote alivyovijua.

Mahamali wanne walitoka Majengo, mkubwa wao akiitwa Mung'aro, mtu wa mabega mapana na maneno machache. Shuka la kumfunika maiti lilitoka kwa Bimdogo, mamake Kamaludin, aliyekaa dirishani ghorofani kusimamia mali yake.

"We Kamalu! Hiyo ni bafta yangu ya kabla ya vita. Ikirudi na tope, maiti wa pili ni wewe!"

"Mama, tunafanya kazi!"

"Kazi gani ya kulaza watu wazima mchana? Gharib, mwanangu, umekula?"

"Nimekula, Bimdogo," likajibu jeneza.

Dishon alisimama juu ya kasha la sabuni mlangoni mwa duka lililofungwa, akatia kamera ufunguo. Kamaludin akainua kitambaa chekundu. Mung'aro na wenzake wakainua jeneza, wakatoka kichochoroni.

Chini ya bafta dunia ilikuwa nyeupe. Gharib aliona vivuli vya vibaraza vikimpitia usoni kimoja kimoja, akasikia harufu ya udi uliobaki kwenye nguo za watu wa Ijumaa, na vikombe vya muuza kahawa vikigongana: che-che-che. Akahesabu hatua. Moja, mbili, tano.

Kwenye ya sita vikombe vilinyamaza.

"La ilaha illa Llah," sauti ikasema, na bega jipya likaingia chini ya mti wa jeneza. Kisha la pili. Kisha ukawa mkanyagano. Muuza kahawa aliliacha dele lake katikati ya njia. Kinyozi, ambaye kwenye hadithi alitakiwa aendelee kunyoa, aliutupa wembe, na mteja wake naye akainuka, shavu moja limenyolewa na lingine lina povu. Kufumba na kufumbua mahamali wote wanne walikuwa wamepokonywa kazi, wamesimama kando wakitazama mikono yao.

"Mbona hamkumleta msikitini?" mtu alifoka. "Sala ya Ijumaa imempita maskini wa Mungu! Watu mia tano wangemswalia!"

Kamaludin alirukia katikati akipunga kitambaa. "Mwacheni! Mwacheni apite! Huyu hana mtu!"

"Hana mtu?" Kinyozi aligeuka, ametoa macho. "Na sisi tu nini, magogo?"

"Jamani, ni sinema!"

Kamaludin akafunua shuka. Gharib akaketi ndani ya jeneza, akaweka miwani yake, akasema, "Salaam alaikum."

Waliyomjibu si ya kuandikwa. Mzee Abdulhalim aliitafuta bakora yake. Muuza kahawa alitaka kujua nani atakayeokota vikombe vyake. Kamaludin alibusu mikono, akaapa, akaomba, akaeleza hadithi ya bahili mara mbili. Kilichowalainisha hakikuwa maelezo, ila Dishon, aliyesema kwa upole kutoka juu ya kasha, "Wazee, mtaonekana wote. Nyuso kubwa, kama zile za Bombay."

Kinyozi akapapasa ndevu. "Na mimi?"

"Wewe hasa."

Basi wakakubali. Safari hii watakaa. Maiti akipita hawatainuka, watakunywa kahawa. Waliapa. Mkanda wa kwanza ulikuwa umekwisha, wote ni vurugu na kitambaa chekundu. Umebaki mmoja.

Gharib alipolala tena, raha ya ile mara ya kwanza ilikuwa imeshaanza kumchachia. Walimkimbilia, ndiyo. Lakini kabla ya shuka kufunuliwa, nani alijua aliyemo ndani? Waliokimbia walikimbilia jeneza. Ungelaza humo gunia la mchele wangelitia bega vile vile. Na sasa wanajua kwamba ni yeye, na wanajua kwamba ni mchezo. Swali lake likabaki pale pale lilipokuwa tangu mwaka wa ile homa.

Kitambaa kikainuliwa. Mahamali wakatoka kichochoroni.

Watu walikaa. Wallahi walikaa, ingawa kukaa kwao kulikuwa kibaya kuliko kusimama: migongo imenyooka kama ya wanaopimwa nguo, wembe wa kinyozi umeganda hewani, midomo yote inapiga "Inna li-Llahi" bila sauti. Mteja mwenye povu alijishika magoti yasiinuke. Lakini Gharib hakuyaona hayo. Chini ya bafta alisikia kitu kimoja tu, nyayo za watu wanne, na jeneza likainama kidogo upande mmoja kwa sababu hamali wa nyuma alikuwa mfupi. Hakuna sauti nyingine. Mlango haukufunguliwa. Yuko pale pale, ana miaka kumi na minne, mvua inamwingia shingoni. Ndivyo itakavyokuwa, akajisemea. Akashika kingo za jeneza ili aketi, awaambie imetosha, watafute maiti mwingine.

Wakati huo Badawi alikuwa akitokea pembeni, amechelewa kwa sababu alipitiwa na usingizi wa pilau, bado na kanzu yake ya Ijumaa. Hakuna aliyemwambia habari za sinema. Kamaludin alimkwepa, kwa kuogopa kwamba akijua Gharib yumo atakataza mchezo usipigwe njiani kwake. Aliliona jeneza, akaona watu wamekaa. Akainua uso dirishani.

"Bimdogo! Nani huyo?"

"Gharib fundi!" akajibu Bimdogo, na alikuwa ameshafungua mdomo aeleze yaliyobaki, lakini Badawi hakungoja yaliyobaki.

Magoti ya Badawi yalikuwa na miaka miwili hayajapanda ngazi. Siku hiyo yalikimbia. Mung'aro, pembe ya mbele, alihisi anasukumwa na kitu kama mlango, na kabla hajageuka mti ulikuwa begani mwa mwingine.

"Ondoka hapa!" Badawi alipiga kelele, lakini si kwa Mung'aro, ni kwa baraza zima. "Mmekaa? Mmekaa! Gharib yuwapita na nyinyi mwanywa kahawa?"

"Badawi, sikiliza..." kinyozi alianza.

"Sisikilizi mtu! La ilaha illa Llah!"

Machozi yalikuwa yakimmiminika ndevuni. Na hapo viapo vya sinema vikavunjika. Kinyozi aliutupa wembe mara ya pili. Mteja wake akaondoka na povu lake. Watu walimiminika kutoka barazani, kutoka vichochoroni, kutoka madukani, na wale wapya hata hawakujua kuna sinema. Kamaludin alikaa chini katikati ya njia, kichwa mikononi. "Zima," alimwambia Dishon. "Zima, mambo yameharibika."

Dishon hakuzima. Aliacha ufunguo uende mpaka ulipojifia wenyewe.

Sasa, waliojua wangeweza kusimamisha jeneza. Wengine hudai kwamba walijaribu. Lakini jeneza likishaondoka halirudishwi nyuma. Hilo kila mtu Mombasa alilinyonya pamoja na maziwa ya mamake, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kulirudisha, hata likiwa la mchezo. Kwa hiyo waliinamisha vichwa wakabeba. Wakatoka Kuze, wakapita Makadara, wakashika njia ya Kikowani kwenye makaburi, na kila hatua kumi watu walipokezana kama desturi, bega linatoka, bega linaingia. Isipokuwa pembe ya mbele ya kulia.

"Nipe nikupokee, Badawi. Nasi tupate thawabu."

"Tafuta pembe nyingine."

"Umechoka, yakhe. Wahema."

"Nimesema tafuta pembe nyingine!"

Aliushika mti kwa mikono miwili, wasiupate. Na njia nzima alikuwa akinong'ona kwenye bafta, si kwa ukuta tena, kwa Gharib mwenyewe, pua kwa sikio: "Miaka tisa, Gharib. Tisa. Kwa kipande cha nguo. Ungesema tu, 'Badawi, nimekosea.' Ungesema hata 'lete nitazame.' Ningekuletea sahani ya biriani mpaka hapo mlangoni. Cherehani yako, wallahi, nikiamka nisiisikie huwa nauliza, yule mgonjwa?"

Gharib angeweza kuketi wakati wowote. Aling'ang'ania kingo za jeneza, akafumba macho, akasema moyoni, hatua moja zaidi. Ikapita, akataka nyingine. Hakuwa akihesabu mabega tena. Miaka thelathini ya kuhesabu, na yalipomjia kwa wingi hesabu ikampotea.

Langoni mwa makaburi, mchimbaji aliinuka kutoka kivulini akajifuta jicho. "Kaburi lipi hili? Leo sikuletewa habari ya maiti."

Wale wapya waliwatazama wale wa Kuze, na wale wa Kuze wakatazama viatu vyao.

"Kaburi liwapi?" Badawi aliunguruma. "Hata kaburi hamkumchimbia?"

Na kutoka ndani ya bafta ikatoka sauti ya unyonge kabisa. "Badawi. Halijachimbwa."

Waliobeba pembe tatu waliachia. Badawi peke yake hakuachia. Jeneza likainama nyuma, likatua mchangani upande wa miguuni, na Gharib, shuka limemwanguka, akajikuta ameegemezwa wima kama mlango uliong'olewa, uso kwa uso na rafiki yake. Hakukimbia Badawi. Alimtazama. Akalishusha jeneza zima polepole mpaka chini, kwa adabu, kama wanavyoshushwa walio kweli. Kisha akajifuta uso kwa mkono wa kanzu, ule mfupi, ambao haukufika.

"Nilikwisha kukusamehe," alisema. "Kutoka Kuze mpaka hapa, hatua kwa hatua. Sasa msamaha wangu naurudisha."

Akaondoka, na njia nzima ya kurudi hakuna aliyethubutu kumpokea chochote.

Zilizofuata ni wiki mbaya kuliko zote katika maisha ya Gharib. Badawi aliacha hata kusema na ukuta. Akipita, alipita mikono nyuma. Ijumaa ikija alivaa shati. Gharib alikuwa amepata jibu la swali lake, na papo hapo akampoteza mwenye jibu. Alishona kanzu za watu mishono ikienda mrama. Mara tatu alivuka kichochoro, mara tatu nyundo ikagonga kwa nguvu zaidi, akarudi.

Mikanda ilipelekwa kuoshwa Nairobi, ikarudi kwa gari la moshi baada ya mwezi na nusu. Dishon aliazima mashine ya kuonyeshea. Alasiri moja walifunga madirisha yote ya sebule ya Bimdogo kwa mablanketi, wakatundika bafta ile ile ukutani, watu wakajazana humo na joto lao. Badawi alikuwepo. Bimdogo alimwita kurekebisha dele lililovuja, na alipoingia, akamfungia mlango.

"Kaa hapo," alimwambia. "Dele halivuji. Unavuja wewe."

Mashine ikanguruma. Mkanda wa kwanza ulikuwa kitambaa chekundu na kidole gumba cha Dishon. Wa pili ulianza na baraza, na kinyozi alipiga kelele, "Mimi huyo!" Kisha likaja jeneza. Kisha, kutoka pembeni, akatokea mtu anayekimbia kwa magoti mabovu, mdomo wazi bila sauti, akaingia chini ya mti, akaushika kwa mikono miwili, akija, akija, mpaka akajaza shuka lote, uso wake na machozi yake vikubwa kama alivyoahidi Dishon. Nusu dakika haikufika. Halafu weupe.

Hakuna aliyecheka. Walikuwa wamezoea kuona wageni wakilia kwenye shuka la sinema. Mtu wao hawajawahi kumwona.

"Rudisha," akasema Gharib.

Dishon akarudisha. Badawi akakimbia tena, akashika tena.

"Rudisha tena. Na usizime hapo mwisho. Simamisha."

"Nikisimamisha taa inaunguza mkanda, mzee."

"Basi rudisha."

Mara ya nne Gharib alikuwa amesogea mpaka mbele kabisa, miwani mkononi, pua kwenye bafta, kivuli cha kichwa chake kimewafunika wote. Wengine walidhani analia. Alikuwa anapima. Mikono ile miwili ilikuwa imeinuliwa sawa, imeshika mti mmoja, kiwango kimoja, kama iliyowekwa na fundi: mkono wa kushoto wa kanzu unafika kwenye kifundo, wa kulia unaishia juu yake.

"Vidole viwili," akasema gizani.

Kimya. Kisha, kutoka nyuma karibu na mlango uliofungwa: "Vitatu."

"Viwili na nusu."

"Vitatu, Gharib."

Gharib alivaa miwani. "Vitatu. Nilikosea, Badawi. Lete kanzu."

Kamaludin hakuimaliza filamu yake. Alisema hadithi yake ilihitaji mji wa watu wabaya, na hakujua atawapata wapi kwa mikanda aliyokuwa nayo. Akarudi kwenye sharubu za Bombay. Mkanda wenyewe uliliwa na unyevu wa pwani, ukashikana kama halua, na siku hizi ukipita Kuze hutaona dele likifuliwa wala kusikia mtu akizungumza na ukuta. Wanaozungumza peke yao siku hizi wana simu masikioni. Wazee waliokuwepo husema kwamba kitu wasichokisahau si machozi ya Badawi, ni vile chumba kizima kilivyokaa kimya, joto lile, kikingoja watu wawili wakubaliane kidole kimoja.

Kanzu ilirudi kwa mwenyewe Alhamisi, mkono umeungwa kwa ustadi hata jicho halioni mshono. Badawi aliivaa palepale kichochoroni, akanyoosha mikono mbele. Sawa sawa. Akapapasa ile sehemu iliyoongezwa.

"Bafta kama hii umeipata wapi wakati huu?"

"Kwa Bimdogo. Alinikatia pembe ya shuka."

"Shuka lipi?"

Gharib aliinamia cherehani.

"Gharib. Umenitia sanda mkononi?"

"Si sanda. Haikuzika mtu."

Badawi aliugeuza mkono wa kanzu, akautazama ndani na nje. Kisha akakaa kwenye baraza la Gharib, mahali pale pale alipokuwa akikaa kabla ya vita, akaagiza kahawa vikombe viwili.

"Lakini siku yako ya kweli," akasema, "chimbisha kaburi kwanza. Na unene usiongeze. Ile pembe simpi mtu."